Chapa Iliyofutika kwenye Kisu cha Baba

Nina umri wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Karatu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu. Nimemwomba mhariri wa ukurasa huu alifiche jina langu, wala si kwa woga, kwani nimesimama mbele ya wanafunzi wenzangu nikawakemea wakubwa mchana kweupe. Nalificha kwa sababu aibu hii ni ya baba yangu, naye hajaniruhusu kuitangaza.

Kwanza nikiri jambo. Mimi ninayehutubia dhidi ya ubeberu ninakusanya visu vya kukunja vya Kimarekani, vile vya zamani. Ninavyo kumi na kimoja. Bwenini wananitania kwamba ndugu huyu anaupinga ubeberu asubuhi, jioni anaupaka mafuta. Na wacheke. Nilianza wakati wa likizo, nikibeba mizigo ya wageni katika hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mgeni mmoja mzee aliniachia kitabu chenye picha za visu hivyo, nikajifunza kuvisoma. Mpini wa mfupa hudanganya, maana huweza kubadilishwa. Lakini pale ubapa unapoingia kwenye mpini pana chapa ya kiwanda, herufi ndogo kama punje za ulezi, na viwanda vilikuwa vikibadili chapa zao kila baada ya miaka kadhaa. Ukiitambua chapa, umejua kisu kilitengenezwa lini.

Sasa sikilizeni dhuluma yenyewe. Ujanani baba alifanya kazi katika shamba la kahawa la setla mmoja huko Oldeani. Kisu cha kukunja cha setla kilipotea, baba akafukuzwa kwa kudhaniwa mwizi, na setla mwenyewe akaondoka nchini kabla ya Uhuru. Miaka mingi baadaye baba alibeba mahema ya mgeni wa Kimarekani, na siku ya kuagana mgeni akampa kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa wa kahawia. Aliyekuwa nyapara wa shamba lile ni jirani yetu na mzee wa kanisa letu. Mara tatu waumini wamempendekeza baba awe mzee wa kanisa, na mara tatu nyapara amesimama, akasema kwa upole wa kuudhi, "Mwambieni kwanza akitoe kile kisu mfukoni." Watu hucheka. Baba huketi.

Mwaka jana nilikikagua kisu kile kwa lenzi. Chapa yake, kwa mujibu wa kitabu, ilianza kutumika baada ya setla kuondoka. Nauliza: mtu anaibaje kisu ambacho bado hakijatengenezwa? Sikumwambia baba lolote siku ile. Nilitaka siku ya ushindi iwe kubwa. Niliporudi chuoni niliwaandikia wazee wa kanisa kuomba kikao, wakakubali tukutane baada ya mavuno ya mahindi. Baba nikamwandikia kurasa nne kuhusu haki na historia, na mwishoni nikasema tu kwamba ushahidi umo ndani ya kisu chenyewe, akitunze.

Akakitunza. Niliposhuka kwenye basi likizo hii, alikitoa katika kitambaa cheupe, akitabasamu kama mtoto. Kilikuwa kinameta. Nikakifungua, nikatafuta shinani mwa ubapa. Palikuwa peupe, laini, pasipo hata herufi moja.

"Nilikipeleka kwa fundi wa kunoa pale sokoni," alisema. "Kitu kinachokwenda mbele ya wazee hakiendi kichafu, mwanangu."

Nilimkimbilia fundi nikiwa nimejaa hotuba. Akaniambia bila wasiwasi kwamba pale chini palikuwa na mikwaruzo, ameiondoa, wala kwa kazi hiyo hakumtoza baba chochote. Ningemlaumu nani? Kurasa nne niliziandika mimi, na sentensi moja tu iliyohitajika sikuiandika: usiguse maandishi.

Ubaya haujaishia hapo. Huku kwetu kila mfugaji anajua ni nani hufuta alama ya ng'ombe. Nyapara akiona shina lililosagwa, atasema nini? Atasema mwizi ameficha alama, na safari hii atakuwa na kitu cha kuonyesha.

Ninacho kisu pacha. Nilikipata kwa dereva wa lori la vitunguu wa Mang'ola kwa kubadilishana na shati: kiwanda kilekile, mfupa uleule, chapa ileile. Nikivionyesha vyote viwili, wataniuliza cha baba kina nini. Nikionyesha pacha peke yake na kusema ndicho, hakuna atakayebisha. Nilimweleza baba hivyo kwa hoja zote nilizofundishwa. Nikasema huo si uongo, ni kuurudishia ukweli ushahidi wake ulioporwa.

Alikifunga kisu chake katika kitambaa cheupe. Kisha akasema, "Miaka yote hii wananiambia nina kisu cha mtu mwingine mfukoni. Sasa wewe ndiye unayetaka kunitilia hicho kisu?"

Nimekasirika tangu siku hiyo. Namkasirikia nyapara, namkasirikia fundi, namkasirikia baba kwa unyoofu wake, na zaidi ya wote najikasirikia mwenyewe. Macho ya baba yamefifia. Nikikipeleka pacha king'arishwe na shina lisiguswe, hatatofautisha. Atasimama mbele ya wazee, atasafishwa jina, na atakufa akiamini kisu chake ndicho kilichomtetea. Ni mimi tu nitakayejua.

Wasomaji wenzangu, mliowahi kumpenda mzazi kiasi cha kutaka kumdanganya, nipeni ushauri wenu. Mahindi yamekwisha kukauka shambani. Visu viwili viko mezani mbele yangu ninapoandika haya, na asubuhi ya kikao baba atavaa koti lake, atanyoosha mkono ili nimpe kisu chake. Nimpe kipi?