Mstari Niliouruka

Mwaka wa 2007, kampeni zikiwa bado hazijapamba moto, nilikuwa naendesha saiba, duka la intaneti, mjini Nakuru. Wateja wasio na barua pepe walitumia anwani yetu: mtu wao akiandika kutoka ng'ambo, tulichapisha barua na kuiweka mpaka mwenyewe aje. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mama mmoja, mfugaji wa Dundori, alishuka mjini kila siku ya soko. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Binti yake, aliyefanya kazi ya kutunza wazee ng'ambo, alimnunulia kitabu cha kusomwa kwenye kompyuta, kuhusu magonjwa ya kiwele cha ng'ombe, akakituma kwa anwani yetu. Mama alitaka nikigeuze ili nikichapishe kwa herufi kubwa.

"Hiyo ni kazi ya dakika tano, mathe," nilimwambia, foleni nzima ikisikia.

Kitabu kilikataa. Nilijaribu programu tatu, zote za kunakili bila kulipa, nazo zikajibu kitu kimoja: kimefungwa, hakigeuziki. Leo najua kwamba vitabu vya aina ile vilifungiwa kwenye kompyuta ya mnunuzi. Siku hiyo sikujua, na kusema sijui mbele ya watu kulinishinda. Mficha uchi hazai, lakini mimi niliona heri kuficha.

"Mathe, hii kitu ni ya wizi," nikasema. "Ndio maana imelock."

Alikuwa mtu wa kanisa.

"Una uhakika, kijana?"

"Kabisa."

"Basi toa. Sitaki ng'ombe zangu zitibiwe na kitu ya wizi."

Nikakifuta akinitazama. Wateja walitikisa vichwa kumhurumia mama aliyezaa mwizi, nami nikaona nimeponea.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya binti. Niliichapisha bila kuitazama. Mama alipofika, aliishika mbali, akaileta karibu, kisha akanirudishia.

"Nisomee. Herufi ni ndogo."

Nikasoma: "Mama, tangu unipigie ukaniita mwizi, kwa nini hushiki simu zangu? Sikuiba. Nilinunua, na risiti ninayo. Wenye duka wanasema kitabu kinafunguka kwa kompyuta yangu tu, hata mimi sikujua. Nitakunakilia kurasa za kiwele kwa mkono, nizitume kwa posta."

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi: "Aliyekuambia mimi ni mwizi hajui kazi yake, na ameniumiza sana."

Huo niliuruka. Nikaikunja karatasi.

"Sasa ile ya wizi ilikuwa nini?" akauliza.

"Ni computer, mathe. Ilikosea."

"Kumbe nazo hukosea," akasema, bila ubaya wowote. Ningefurahi kama angenitukana.

Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akavuta kiti karibu na meza yangu. "Mjibu sasa hivi. Andika: Mwanangu, nilikuhukumu kabla ya kukuuliza. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Kosa ni langu peke yangu."

Vidole vyangu vilisimama juu ya vibonye. Nafasi ya kuongeza sentensi moja ilikuwepo, na hakuna ambaye angenizuia.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Nilikuwa nimeandika kila neno alivyolitamka. Nikatia jina lake chini, nikatuma.