Bi Ozella na Misuko ya Deshun

Mimi na Bi Ozella tumepakana ua hapa mjini Macon miaka thelathini, na sijawahi kumpenda. Lakini haki yake nampa: binti yake Keyonna alipozaa akiwa na miaka kumi na saba, ni yeye aliyelea kichanga ili binti amalize shule. Tatizo, alitaka mtoto awe wake peke yake. Deshun, baba wa mtoto, fundi wa matairi gereji, aliishia barazani miaka miwili. Hata jina lake hakulitaja, alimwita "yule wa matairi."

Deshun alifundishwa kusuka na bibi yake aliyemlea. Kila Jumamosi alimpakata mtoto wake Zaria kwenye ngazi za baraza, akamsuka. Kila Jumapili Bi Ozella alifumua, akasuka upya. "Mjukuu wangu haendi kanisani na kichwa cha gereji!"

Ikafika Jumapili ya kumweka mtoto wakfu, ambapo mchungaji huwaita wazazi mbele ya watu. Deshun alikuja na suti ya kuazima. Alitaka kusimama pale kama baba, basi. Bi Ozella alikuwa ameshafumua nusu kichwa, baridi yabisi ikamshika vidole.

"Keyonna, njoo umsuke!"

"Umefumua mwenyewe, Mama. Suka mwenyewe."

Nilikuwa barazani kwangu namenya karanga za kuchemsha, na sikuona haya kusikiliza. Bi Ozella akafungua mlango wa wavu, chanuo mkononi.

"We! Umesimama hapo kama nguzo ya nini? Ingia. Futa viatu."

"Naitwa Deshun, Bi Ozella."

"Nimekuuliza jina? Mtoto anachelewa!"

Akaingia, kwa mara ya kwanza. Bi Ozella alimfokea mpaka msuko wa mwisho.

Kanisani Dada Lavinia akamshika Zaria kichwa. "Ozella, mikono yako bado ina ufundi!" Jirani yangu akatabasamu, akaipokea sifa. Nilitamani kumzaba kibao.

Mchungaji akaita wazazi. Keyonna akatoka na mtoto. Deshun akainuka, lakini Bi Ozella alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amekaza magoti, hapiti mtu. Kanisa zima likangoja. Yule kijana akaanza kukaa tena.

"Baba!" Zaria akaita kule mbele. "Baba, njoo!"

Bi Ozella akavuta pumzi. Akageuza magoti pembeni.

"Pita, Deshun," alisema. "Na ule mstari wa msuko kisogoni umeupinda."