Mwanvita na Kanisa la Ng'ambo ya Wami

Jirani yetu Mwanvita husuka makanda ya kutilia sandarusi, ile gundi ya miti inayochimbwa ardhini, na vidole vyake havisimami hata akizungumza. Sisi tunaosoma kwa mapadre hapa Bagamoyo hupenda kumpitia tukitoka darasani, maana huuliza maswali ambayo hatujawahi kuyafikiri. Siku moja nikamwuliza langu: Wakristo wako wa namna nyingi, imekuwaje achague kanisa letu? Akanihadithia.

Alikuwa mtumwa wa Bi Mwanamkasi wa Dunda. Bibi huyo alimwuza Mbaruku, mtoto wa Mwanvita, kwa mtu wa Pemba, mtoto mwenyewe angali anabadili meno. Miaka ikapita, bibi akamwacha huru Mwanvita, lakini habari za Mbaruku hazikuja. Ndipo akaanza kuingia kanisani, akiketi nyuma kabisa. Siku aliposikia kwamba Mungu alikisikia kilio cha watumwa wa Misri, alisema moyoni, huyu ndiye.

Ikawa Jumapili moja padre anafundisha sala ya Bwana, neno kwa neno, hata akafika pale pa kuomba tusamehewe kama nasi tunavyosamehe. Watu walipotoka, Mwanvita alibaki. Akamwuliza padre kama maneno hayo yanamhusu hata mtu aliyeuza mtoto wa mwenzake. Padre akamwambia kwamba yanamhusu. Mwanvita akajitanda kaniki yake, akaondoka bila kuaga.

Alikuwa amesikia kwamba Saadani yupo mwalimu wa Wakristo wa Kiingereza, aliyetoka Unguja na kitabu cha Mungu kwa Kiswahili, na kwamba watu wake na mapadre hawapatani katika mambo mengi. Mwanvita akakata shauri: wasiopatana katika mengi hivyo, hawakosi kutopatana katika hili. Akafuata pwani mpaka mto Wami, akavushwa kwa mtumbwi, mvushaji akimtania kwamba mamba hawagusi mwanamke mwenye uso ule.

Mwalimu alikuwa mtu mzima mwenye kovu la mnyororo shingoni. Mwanvita akamwomba asome sala ile. Akaisoma, na neno lilikuwa pale pale.

"Hata kwenu?"

"Hata kwetu, dada. Ulitaka tulifute?"

Waliokuwapo wakacheka, wakasema mama huyu amevuka Wami kulikimbia neno, nalo limemtangulia kufika. Mwanvita hakucheka. Akaeleza habari za Mbaruku, na kicheko kikaisha. Kisha akatoa lililokuwa likimkaba. Kwetu mtumwa humsalimu bibi yake "nashika moo", yaani naishika miguu yako, na bibi huitika "marahaba". Mwanvita alikuwa ameapa kwamba maneno hayo hayatatoka tena kinywani mwake.

"Nikimsamehe," akauliza, "ndiyo nirudi nikamshike miguu?"

Mwalimu akafunua kurasa, akafunua tena. "Adui yako akiwa na njaa, mlishe. Hilo limeandikwa. La kushika miguu sijaliona humu."

Wakamsihi akae kwao. Na kweli alitamani, kwani kila kitu pale kilisomwa kwa Kiswahili, na mwalimu alijua mnyororo ni kitu gani. Lakini akawaambia, "Ninyi na padre mmenisomea neno moja. Nami huku sina adui." Akarudi Bagamoyo.

Bi Mwanamkasi alikuwa amepooza upande mmoja. Watumwa wake walikuwa wametawanyika, na mpwa wake humletea chakula siku akikumbuka. Mwanvita akaingia na bakuli la uji. Bibi akangoja salamu yake.

"Hujambo, Bi Mwanamkasi?"

Bibi akaugeuzia ukuta uso. Mwanvita akaketi mpaka uji ukapoa, akaupasha moto, akarudi nao, akauliza vile vile. Bibi hakugeuka. Kesho yake akaja na uji mwingine na salamu ile ile.

Mwishowe sauti ikatoka ukutani: "Sijambo. Tia chumvi."

Mwanvita akatia chumvi, akamlisha. Alipomaliza akaenda moja kwa moja kwa padre, akaomba awekwe pamoja na wanaofundishwa ubatizo. Padre akataka kujua kama amekwisha kusamehe.

"Bado, baba," akamjibu. "Lakini amekula."

Padre akampisha aingie darasani.