Kichwa cha Mtoto Kati ya Magoti

Siku ya kwanza mtoto wa dada yangu alipompasua mtu kichwa, alitumia kifuniko cha sufuria, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeinama nawasha jiko la mkaa, naimba zangu, mara nikaona nyota mchana. Damu ikanishuka mpaka kwenye kope. Yeye alikuwa amesimama pale na kifuniko chake, ana miaka mitano, analia kuliko mimi niliyepigwa.

Tulikuwa tunaishi watatu kwenye chumba kimoja cha kupanga, Soweto, hapa Mbeya. Dada alikuwa anauza mitumba sokoni. Mimi nilikuwa nimeishia kidato cha pili, na kazi yangu ilikuwa huyo mtoto. Alikuwa hasemi, hata "mama" hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni meno, kucha na paji la uso, na hilo paji alikuwa analigonga ukutani mpaka plasta inadondoka. Mashine ya kusaga ya jirani ikiwaka tu, anajitupa chini. Ukimvalisha sweta lenye lebo shingoni, anakurarua. Mama mwenye nyumba alimchapa kwa fimbo ya mparachichi, akasema jini halitoki kwa kubembelezwa. Dada naye alikuwa anamchapa, kwa mwiko, kwa kandambili, kwa chochote kilichokuwa karibu, kisha anakaa kitandani anamlilia. Na mimi nilimchapa. Mara mbili. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Nesi wa kliniki ndiye aliyetuandikia karatasi ya kwenda kwenye chumba cha mazoezi ya watoto. Dada akasema yeye hawezi. "Nikiwaona wale watoto wengine nitazimia. Nenda wewe, mdogo wangu, wewe una moyo wa kuchekacheka." Basi nikawa naenda mimi, kila Jumanne na Ijumaa.

Walikuwa akina mama wawili. Mmoja kazi yake ilikuwa mwili na mikono ya mtoto, mwingine kazi yake maneno. Mimi niliwaita hivyo hivyo, mama wa mikono na mama wa maneno. Siku ya kwanza kabisa mtoto alimng'ata mama wa mikono mpaka ngozi ikaachia. Nikainua mkono nimtandike. Mama wa mikono akanidaka.

"Acha. Ameshasema."

"Amesema nini, mama? Si amekung'ata?"

"Amesema taa ya humu inamuumiza. Kazime."

Nikazima. Mtoto akaachia meno. Mama wa mikono akaenda kuosha damu kwenye sinki, anapiga mluzi.

Alikuwa anamsukumisha ndoo yenye mchanga. Anambebesha mfuko wa mchele mgongoni atambae nao. Anamzika mikono kwenye beseni la maharage makavu atafute kifungo. Halafu anamkalisha kati ya magoti yake, anamzungushia blanketi, anambana kichwa na mabega kwa nguvu kama anayefunga mzigo. Mara ya kwanza nilidhani anamuua. Kumbe mtoto analegea, anahema taratibu, macho mazito kama aliyeshiba ugali. Akanieleza kwamba kuna watoto ambao mwili wao hauwapi habari ya kutosha, ndiyo maana wanajigonga ukutani, wanautafuta. Ukiwabana vizuri wanatulia.

Akishatulia ndipo anakuja mama wa maneno. Anampulizisha povu la sabuni, anamfyonzesha uji kwa mrija, anamwonyesha picha tulizochora kwenye boksi la biskuti: maji, imetosha, inauma. Na mimi nilipewa zoezi langu. "Usimjibie. Ukimuuliza, nyamaza, hesabu mpaka kumi moyoni." Mimi kunyamaza mpaka kumi ni kazi kuliko kulima! Lakini siku aliyogusa picha ya "imetosha" wakati namwogesha, badala ya kunipiga kopo la uso, nilitoka nje na sabuni mikononi nikawatangazia wapangaji wote. Nikaanza kuota kwamba nitarudi shule, na siku moja nitakuwa na chumba changu chenye beseni la maharage.

Siku moja mama wa maneno alileta tochi. Mtoto alikuwa amebanwa kati ya magoti ya mwenzake, ametulia, akafungua kinywa mwenyewe bila kulazimishwa. Mama wa maneno akainua ulimi kwa kijiti, akamulika, akasema, "Ulimi mzima. Hauna kosa lolote."

Nikampigia bibi yetu kule Kalenga, Iringa. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Kamwene, mke mwenzangu!" bibi akaitikia kwa salamu ya kwetu. "Huyo bubu wenu anaendeleaje?"

Nilitaka habari imfurahishe. Nikamsimulia tochi, nikamsimulia kijiti, jinsi wataalamu wa mjini walivyouinua ulimi wakaukagua chini yake. Nilisimulia kwa mbwembwe, halafu lile neno la mwisho, kwamba ulimi ni mzima, sikulisema. Halikuwa na utamu. Nilipita nalo.

"Ahaa," bibi akasema. "Nilijua tu. Ni uzi."

Kwetu, mtoto akichelewa kusema, wazee wanasema ana uzi chini ya ulimi, na uzi unakatwa kwa wembe. Sharti lake ni moja: kichwa cha mtoto kishikwe na mama aliyemzaa, kati ya magoti. Akishikwa na mwingine, wanasema mtoto atakuja kusema kwa sauti ya huyo aliyemshika. Nilimsikia bibi akiguna, nikacheka, nikakata simu.

Mwezi wa sita tukaenda Kalenga kwenye kipaimara cha binti wa mjomba. Pale Igawa basi liliposimama, wauza mahindi wakapiga vioo kwa viganja, na mtoto akanigonga kidevu kwa kichwa chake mpaka nikajing'ata. Nikambana. Akatulia. Dada alikuwa kiti cha mbele, amegeuzia uso dirishani.

Nyumbani kwa bibi spika zilikuwa zimepangwa uani tangu asubuhi. Nikamchukua mtoto nyuma ya jiko, nikampa ndoo ya maji aisukume, akawa salama kabisa. Mjomba akaja, pombe ya ulanzi imeshamkolea.

"Mnamficha kama gongo? Mlete acheze na wenzake!"

"Mjomba, makelele yanamuumiza."

"Makelele! Huyu ndiye makelele yenyewe."

Akambeba begani, akaenda kumsimamisha mbele ya spika. Binti wa kipaimara, katika gauni lake jeupe, akainama amkumbatie. Mtoto akamvaa. Akamng'ata shavu, akashikilia. Waliwatenganisha watu watatu, na gauni likawa jekundu mpaka kiunoni.

Mjomba alimpiga mtoto kofi moja tu, lakini liliokota mwili wote likautupa kwenye lundo la kuni. Akamfuata kwa teke. Dada alipojitia katikati, akapata lake la mdomo. "Umezaa mbwa!" mjomba akapiga kelele. Muziki ulikuwa bado unaendelea, hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Bibi akaja mbio, kitenge kinamvuka. "Msimpige mtoto! Kosa si lake, ni uzi. Leo leo unakatwa. Mkunga si yule pale anakula wali?"

Yule mkunga mzee akaweka sahani chini, akanawa. Akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Chumvi ikaletwa kwenye kisosi.

Nikamshika bibi miguu. "Bibi, nilikosea mimi. Walisema ulimi ni mzima."

"Si ulisema wameuinua kwa kijiti?"

"Waliuinua wakakuta mzima!"

"Kidato cha pili kimeshakuwa hospitali," mjomba akasema, na watu wakacheka, huku yule binti bado anavuja damu.

"Dada, waambie basi!"

Dada alikuwa anafuta mdomo kwa upande wa mkono. Hakuniangalia. "Niwaambie nini? Mimi sikuwepo."

Akakaa kwenye kigoda. Mjomba akamburuta mtoto, akamshika miguu. Mtoto alikuwa anapiga mateke, anakwaruza, sauti imeshakauka. Dada akakiingiza kile kichwa kati ya magoti yake, akakibana. Alibana kwa hasira, kwa aibu, kwa nguvu zote za mtu aliyepigwa mbele za watu.

Mtoto akanyamaza.

Niliona mabega yake yakilegea. Mateke yakaisha, mpaka mjomba akaiachia miguu mwenyewe. Akahema mara mbili, taratibu. Akamtazama mama yake usoni, akafungua kinywa, akainua ulimi.

"Eh," mkunga akasema, wembe uko hewani. "Mbona huyu hanikatalii?"

"Dada," nikasema, "anadhani ni mazoezi."

Dada akainama kumtazama. Sijui walitazamana kwa muda gani, mimi sikuweza kuhesabu. Mkunga akainama naye, vidole viwili tayari kwenye ulimi, mkono wa wembe ukashuka. Dada akakiziba kile kinywa kwa kiganja chake.

Wembe ulipita kwenye kiganja kuanzia kidole gumba mpaka upande wa pili. Damu ikamwagikia mtoto menoni na kidevuni. Mwanamke mmoja nyuma, aliyedhani kazi imekwisha, akapiga vigelegele.

Mjomba akamdaka dada kwa nywele, anamvuta amtoe kigodani. Nami nikaenda na mdomo. Nilimng'ata mjomba wangu kwenye kifundo cha mkono, nikasikia mfupa, nikashikilia kama nilivyoona wengine wakishikilia. Alinipiga kiwiko mara tatu ndipo nikaachia, na jino langu la mbele likawa linacheza.

"Basi!" Alikuwa mkunga. Wembe ameutupa motoni. "Mama amekataa. Asiposhika mama, mimi sikati, hata mniue."

Mjomba alisema ya kwake mengi, lakini hakuna aliyemletea wembe mwingine. Bibi akavua kilemba chake, akamfunga dada mkono. Aliufunga vibaya, fundo likalegea. Tukaondoka bila kuonja chakula. Dada alimbeba mtoto mwenyewe mpaka barabarani, na damu ilimchirizikia mtoto mgongoni njia nzima.

Basi likaanza kuiacha Iringa. Dada akauliza, "Huwa wanambana hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Ila kuna blanketi."

"Jumanne nakwenda mwenyewe. Wewe utakaa sokoni."

Nikasema sawa. Ningekuwa mwongo nikisema nilifurahi tu. Kile chumba kilikuwa ndoto yangu, na maharage niliyaona kama yangu.

Jumanne nilikaa kwenye meza ya mitumba kutwa, shavu limevimba, wateja wananiuliza ni mume gani kanifanya hivyo. Niliuza sketi tatu kwa bei ya kutupa. Jioni walirudi wameshikana mkono, ule mzima. Dada alivuta blauzi akanionyesha begani, alama ya meno, mbichi kabisa.

"Kaning'ata mara moja tu," akasema, kama mtu anayeleta habari ya harusi. "Wakaniambia ni kelele za viti. Tukavitoa nje."