Trekta Iliyokunywa Maji ya Baraka

Chekeni kwanza mmalize, maana Nyakiyumbu nzima ilishacheka na mimi sina aibu nyingine iliyobaki ya kuficha. Mimi ndiye yule mwanamke wa trekta.

Baba Masika alikwenda Juba kuendesha lori, akapata mke huko, akanyamaza. Akaniachia mtoto anayenyonya, mama yake mzazi, na shamba ambalo mdogo wake, Bwambale, alianza kulitolea macho kabla hata vumbi la lile lori halijatua. "Shamba ikikaa kichaka inarudi kwa ukoo," ndiyo ilikuwa salamu yake kila tukikutana. Basi nikauza ng'ombe wangu (wangu, niliyepewa na baba yangu, siyo wa ukoo wao), nikaenda Bwera kwa Papa Muhindo, Mkongomani anayeuza mashine zilizotumika, nikanunua trekta ndogo, nyekundu iliyopauka, na plau yake nyuma.

Papa Muhindo akanionyesha kila kitu. "Mama, angalia muzuri. Huku ni ya maji, huku ni ya mazuti." Mazuti ndiyo dizeli yao. Na mimi wakati huo niko juu ya kiti najipiga picha kwa simu, shingo nimeipinda hivi, ili nimtumie yule mtu wa Juba aone kwamba sikufa. Papa akasema, "Nitakuya kesho, tuwashe pamoja." Nikamwambia asijisumbue, gari naliweza (Baba Masika alinifundisha pikapu enzi za mapenzi), na tena nimesoma sekondari. Kana kwamba sekondari kuna somo la trekta!

Siku ya kulima nikaita watu, maana ningelima kimya kimya ningekuwa na akili. Wanawake majirani walikuwa wamejitolea kuja na majembe, nikawaambia jembe ni la mtu anayependa kuumwa mgongo, waje tu kutazama. Bwambale akaja na wazee wawili wa ukoo, akaizunguka trekta kama anayenunua mbuzi, akasema, "Hii kitu itafika kweli mwisho wa shamba?"

Hasira ikanipanda. "Shemeji, itakapoishia leo jioni, hapo ndipo mpaka wangu. Kitakachobaki chukua!"

Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Mama Masika, ndivyo unavyosema?"

"Ndivyo. Mmesikia wote."

Katekista akaja na kidumu cha maji ya baraka, akaomba, akanyunyizia magurudumu, akanyunyizia plau. Maji yakabaki mengi. Mama mkwe akasema yasimwagwe, ni dhambi. Nami nikakumbuka kwamba trekta inawekewa maji kila asubuhi, nikapaza sauti, "Injini nayo ibarikiwe!" Nikafungua kifuniko cha kwanza nilichokiona, nikamimina kidumu chote. Watu wakapiga vigelegele. Mama mkwe akafuta machozi.

Ikawaka. Jamani, iliwaka! Nikakata mstari wa kwanza, udongo unageuka mweusi, nikageuza, nikarudi na wa pili, mama mkwe anakimbia pembeni na Masika mgongoni akiniita mwanaume wa nyumba hii, na mimi nampungia Bwambale mkono kama rais. Katikati ya mstari wa tatu trekta ikakohoa. Ikatoa moshi mweupe, ikatetemeka, ikazima. Nikawasha, ikakohoa. Nikawasha tena na tena mpaka betri nayo ikanyamaza. Mbele kukawa kunafuka mvuke kama sufuria ya ugali, nikashuka nikazunguka kutazama, ndipo nikakiona kifuniko cha pili.

Cha maji. Huko ndani kukavu.

Nilisimama pale nimeshika kidumu kitupu, na katekista ananitazama.

"Mama Masika, iongeze baraka!" Bwambale akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikawageukia wale wanawake, nikawaambia twendeni tuchukue majembe, jua bado lipo. Mmoja akajifunga leso yake vizuri, akasema, "Sisi? Sisi tumekuja kutazama tu, dada. Mgongo unauma." Na wazee wakasema neno langu lilikuwa trekta, siyo jembe. Jioni wakapanda mimea ya mpaka, wakaanzia palepale kwenye gurudumu.

Nikampigia simu Papa Muhindo, akaja kesho yake. Akatoa yale maji kwenye tanki, akasafisha, ikawaka. Lakini sasa shamba langu ni mistari miwili na nusu, trekta yenyewe haiwezi kugeuka humo bila kukanyaga kwa Bwambale, kwa hiyo kipande changu nalima kwa jembe.

Msimu uliofuata Bwambale alinijia mlangoni. "Shemeji, njoo unilimie kule. Nitalipa." Nilitamani kumtemea mate. Masika alikuwa analia njaa. Nikaenda, nikalima lile shamba lote, la kwangu, mpaka mwisho kabisa, na haikukohoa hata mara moja.

Picha ya kule Bwera nimeifuta. Na watu siwaiti tena kutazama chochote, hata nikichemsha chai.