Jiwe Pana la Mama Jamii

Kampuni ya ujenzi ilikuwa na msemo wake: Jirani Kwanza. Uliandikwa kwenye geti la yadi, kwenye milango ya malori na kwenye migongo ya vizibao vya wafanyakazi. Huko migongoni aliushona fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, jirani aliyeishi barabara moja na yadi hiyo. Kila asubuhi wafanyakazi wote walisimama duara pale getini, wakapiga makofi na kuitikia kwa sauti moja, "Sisi ni familia!" Kisha familia ikagawanyika: baadhi wakaingia ofisini kwenye kiyoyozi, waliobaki wakaingia mtaroni.

Mtaro wenyewe ulipita mbele ya nyumba ya fundi huyo. Ulichimbwa ili uondoe maji barabarani, nao ukaondoa kila kitu isipokuwa maji. Uliondoa wateja wenye viatu virefu. Uliondoa na amani ya nyumba, maana ndani alikuwamo mama mkwe wake, bibi wa mguu mbovu na ulimi mzima. Miaka yote bibi huyo alizoea kuvuka barabara asubuhi na fimbo yake, akaketi kwa shoga yake muuza mkaa mpaka jua lipoe. Sasa kati ya mlango na muuza mkaa palikuwa na shimo la kufika kiunoni, na juu yake ubao mmoja uliocheza kama jino bovu. Bibi aliujaribu mara moja, akaurudisha mguu, akaulaani ubao na aliyeuweka. Tangu siku hiyo akahamishia kiti chake kando ya cherehani.

"Mshono wako umepinda, mke wa mwanangu."

"Haujapinda, mama. Ndio mtindo wa siku hizi."

"Siku zetu kilichopinda kilikuwa kimepinda tu, hakikuwa na jina lingine."

Mume alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuandama kama mwezi. Akipigiwa simu, alisema, "Mvumilie mama," kisha mtandao ukakatika. Ulikuwa na tabia ya kukatika hapohapo.

Fundi alikwenda ofisini kudai kivuko. Akapokelewa na Bwana Mahusiano, kijana mpole aliyekuwa na kofia ngumu nyeupe isiyojua vumbi. Kazi yake ilikuwa kuipendezesha kampuni machoni pa watu.

"Mama yangu, vivuko viko awamu ya pili."

"Awamu ya pili inaanza lini, mwanangu?"

"Awamu ya kwanza ikiisha."

"Na ya kwanza inaisha lini?"

Bwana Mahusiano akafikiri. "Hilo swali zuri," akasema, akamkaribisha maji ya kunywa.

Mwingine angepaza sauti. Yeye alikunywa maji, akashukuru, akaondoka. Vizibao vilikuwa vinamlipia ada za watoto, na mwenye haja na mlango haupigi teke. Halafu kulikuwa na jambo lingine: kampuni nayo ilimhitaji. Kila ilipozindua msaada wake kwa wananchi, leo bomba, kesho benchi la zahanati, sherehe ilitaka wananchi. Wananchi wenyewe mara nyingi walikuwa kazini, au walikuwa wamekasirika. Basi Bwana Mahusiano alimpitia fundi kwa gari la kampuni, akampeleka mitaa asiyoijua, akapige vigelele na kuwashukuru wakubwa kwa niaba ya wote. Alifanya vizuri mno. Akilengwa na kamera, uso wake ulijaa shukrani kama mtungi chini ya bomba, kamera ikiondoka ukakauka. Vibarua wakampa jina: Mama Jamii.

Katika safari hizo alijifunza kitu ambacho wakubwa wenyewe hawakijui. Kampuni hiyo haianzi na kazi, inaanza na jiwe. Kabla ya bomba, kabla ya benchi, kinasimamishwa kibao cha zege chenye majina ya wakurugenzi, kinafunikwa kitambaa, kinafunuliwa, watu wanapiga makofi. Bomba huweza kukauka na benchi likavunjika mguu, lakini jiwe halitikisiki. Mtaa mmoja aliona jiwe likilinda kisima ambacho hakijachimbwa, na mbuzi wamelalia kivuli chake.

Alimuuliza fundi mwashi, yule aliyekuwa akiyatengeneza, ambaye wenzake walimwita Mawe. "Kwa nini mawe yako hayafi?"

"Mama, jiwe likipasuka mbele ya mkurugenzi, mimi sina kazi. Kisima kikikosa maji, hiyo ni mipango ya Mungu."

Mama Jamii alirudi nyumbani. Alichukua tepu yake ya cherehani, akatoka nje, akaupima mtaro. Aliupima kama anavyopima mteja mnene: bila kumwambia, na kwa kuongeza kidogo.

"Unamshonea nani, shimo?" mama mkwe akauliza dirishani.

"Ndiyo, mama. Nalishonea kanzu."

Wiki iliyofuata alikwenda tena ofisini. Safari hii hakudai chochote.

"Mwanangu," akamwambia Bwana Mahusiano, "mmezindua mitaa ya watu wote. Mtaa wenu wenyewe, mlipo na yadi yenu, hauna hata jiwe. Watu wananiuliza, 'Mama Jamii, kwani sisi si majirani?' Nakosa la kuwajibu."

Kijana alishika kalamu. "Tuzindue nini?"

"Kivuko. Kiwe awamu ya pili, ya tatu, mtakavyo. Mimi nasema jiwe. Lisimame mbele ya nyumba yangu, barabarani, kila gari lilione."

"Jiwe halina shida."

"Ila si vile vijiwe vya kaburi mnavyoweka kwingine. Hii ni barabara kubwa, dereva anapita mbio. Liwe refu hivi." Akatandaza tepu mezani. "Na pana hivi, kama mlango."

"Kubwa hilo, mama."

"Kampuni ni ndogo?"

Bwana Mahusiano akacheka, akaandika.

"Na nondo ziwe nyingi. Watoto wa huku wanapanda kila kitu. Likimdondokea mtoto wa mtu, tutasema nini sote?"

"Usalama kwanza," kijana akakubali. Huo ulikuwa msemo wa pili wa kampuni.

"Na majina. Mara nyingine mnaandika la mkurugenzi mkuu peke yake. Wale wengine wanajisikiaje? Waandike wote, mpaka mhasibu. Herufi zichimbwe sana, za kupaka rangi mvua inafuta."

Hapo Bwana Mahusiano alimtazama kwa mapenzi ya kweli. Hajapata kumwona mwananchi anayewajali wakurugenzi kiasi hicho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini kampuni ikisifiwa hutia zege.

Mawe alikuja na fremu ya mbao, akalimwaga jiwe palepale nje ya mlango. Alipozihesabu nondo alizopewa, akainua uso. Akautazama mtaro, akamtazama Mama Jamii, akautazama tena mtaro.

"Mama, hili jiwe la kusomwa?"

"Kwani wewe unalionaje?"

"Mimi ni mwashi, sioni kitu," akasema Mawe, akaongeza kokoto.

Siku ya uzinduzi jiwe lilisimamishwa, likaegemezwa miti miwili kwa nyuma. Wakurugenzi walifika na vizibao vipya. Mkurugenzi mkuu alizungumzia ujirani kwa kirefu, akiwa upande wa barabara. Mama mkwe alimsikiliza kutoka upande wa pili, kitini, akiuliza kwa sauti kama yule bwana anakula wapi mchana, kwa sababu anaonekana hana haraka. Kitambaa kikavutwa. Majina yote yalikuwepo, yamechimbwa sana. Mama Jamii akapiga vigelele ambavyo, kwa mara ya kwanza, vilitoka moyoni.

Magari yalipoondoka, vibarua walibaki kukusanya viti. Akawaita.

"Wanangu, hilo jiwe limeegemea miti tu. Usiku upepo ukija?"

"Msingi wake uko awamu ya pili," mmoja akasema, wenzake wakacheka.

"Na usalama?"

"Kwanza!" wakaitikia, kwa mazoea ya getini.

"Basi lilazeni. Pale."

Walileta mitaimbo na magogo ya kuviringishia, Mawe akielekeza bila kuelekeza. Jiwe likalala juu ya mtaro, kingo kwa kingo, likazidi shubiri kila upande. Mawe alitaka maandishi yakae chini kwa heshima.

"Yakae juu," Mama Jamii akasema. "Zege laini linateleza. Unadhani nilimtakia nini mhasibu?"

Bwana Mahusiano alikuja kesho yake asubuhi, akashika kichwa. "Mama! Mmelaza wakurugenzi mtaroni!"

Mama mkwe alikuwa katikati ya jiwe, fimbo imekita kwenye jina la mkurugenzi mkuu. "Huyu ndiye mwenye kampuni?"

"Ndiye, bibi."

"Amenishika vizuri. Huyu wa mwisho kidogo anateleza, mwambieni." Akavuka, bila kumtazama tena, kwenda kwa muuza mkaa.

Kijana alisimama akipima hasira na faida. Kuwaita vibarua walisimamishe kungemlazimu aeleze kwa nini liliangushwa. Mwishowe akatoa simu, akampiga bibi picha kwa nyuma. Jarida la kampuni likatoka na habari kwamba kivuko cha jamii kimekamilika kabla ya muda. Awamu ya pili ikafungwa rasmi, maana haikuwa na kazi tena. Majirani wa mbele wenye mashimo yao wakaanza kuuliza jiwe linaombwaje.

Siku ile ya kwanza ya kivuko, Mama Jamii alishona asubuhi nzima kwa utulivu ambao alikuwa ameusahau. Mshono ulinyooka, au hakuwepo wa kusema umepinda.

Kabla ya adhuhuri akasikia fimbo ikigonga zege. Nyuma ya fimbo alikuja muuza mkaa, na nyuma yake shoga mwingine, kila mmoja na kigoda chake.

"Kule kuna jua," mama mkwe akasema, akirudi kwenye kiti chake kando ya cherehani. "Nimewaambia hapa sasa panafikika. Kaeni, kaeni. Huyu ndiye mkwe wangu. Hebu tazameni huo mshono."

Mama Jamii aliwatazama wageni wake, gauni la muuza mkaa lililotoboka kwapani, na la mwenzake lililofifia. Akavuta tepu shingoni.

"Simameni kidogo, mama zangu," akasema. "Nyoosheni mikono."