Mshale Uliolala kwenye Sifuri

Shangazi yangu Jumwa ni fundi wa umeme wa magari pale Ukunda. Utotoni, kule Kinango, alifungua redio ya babu mara saba, na mara saba ikaimba tena. Lakini mpaka Jumamosi iliyopita, Nzai mwenye gereji alimwachia taa na honi tu.

Jumamosi hiyo Mzee Abdulaziz wa Mwabungo alileta gari lake la spoti, jekundu, milango miwili, limenizidi umri mara mbili! Mshale wa spidi ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Saa ya spidi imekufa," Nzai akasema. "Tutaagiza nyingine Japani."

"Nipe mpaka adhuhuri," shangazi akamwambia.

"Ukishindwa, dada, ni honi mpaka uzeeke."

"Na nikiweza?"

"Kila gari lenye shida ya umeme litakuwa lako."

Nikamshikia tochi. Shangazi akachomoa waya wa saa ile nyuma ya dashibodi, akaugusisha kwenye bodi ya gari haraka haraka, ta-ta-ta. Mshale ukashtuka!

"Huu mzima," akasema. "Unangoja habari tu, na haziufikii."

Tukainua gurudumu la nyuma kwa jeki. Nililizungusha kwa mikono miwili, naye yuko chini, mita yake ya umeme imeshika sensa ya giaboksi, ile inayopeleka habari za mwendo kwenye mshale. Volti tano, sifuri, tano, sifuri! Sensa nayo nzima. Basi ubaya uko njiani, katikati ya mrundo ule wa nyaya. Lakini wapi? Msikitini kipaza sauti kikakwaruza. Nzai akatazama saa yake, akatabasamu.

Shangazi akanusa.

"Mbona huku chini kunanukia wali wa nazi?"

Mzee Abdulaziz akakohoa. "Nilipaka mafuta ya nazi, mwanangu. Chumvi ya bahari isije ikala nyaya."

"Chumvi haikula, mzee. Wamekula panya!"

Akavuta waya mmoja unaoteleza: umetafunwa, vipande viwili! Akauunga, akaufunga tepu, na adhana ikaanza.

Tukatoka barabarani kuelekea Mwabungo, mimi nimeshika simu inayopima mwendo. Simu hamsini na nane, mshale sitini! Mzee akacheka mpaka machozi.

Tuliporudi, gari moja aina ya Probox lilikuwa limesimama getini, taa za dashibodi zinawaka ovyo. Dereva akauliza fundi wa umeme ni nani. Nzai hakututazama. Alinyoosha kidole tu.

"Yule pale," akasema. "Mwamkie kwanza."